Kama kila mtu anajua mtoto ni wako, cheti nacho kijue

Nianze na swali, na unijibu kwa roho safi. Ukianguka na boda leo jioni pale Kiminini na usiamke, mtoto wako ataonyesha karatasi gani kwamba wewe ndiwe babake?

Usiniambie mamako anajua. Usiniambie majirani wanajua, au kwamba mtoto amekutoka masikio. Nimeuliza karatasi.

Kama huna jibu, keti tuongee. Mimi mwenyewe nilikaa zaidi ya miaka mitatu bila jibu, na nilidhani mambo yangu yako sawa kwa sababu moja tu: hakukuwa na mtu wa kubishana nami.

Tulikubaliana, tukala kuku

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni hapa Kitale mama mtoto aliponiambia ana mimba. Tulikuwa darasa moja. Yeye kwao ni Bungoma, upande wa Chwele. Mimi ni wa Matisi, mtoto wa mama muuza mitumba. Sitakupambia hadithi: nilitoroka. Nilienda Eldoret nikabeba kokoto kwa mjengo miezi kadhaa, simu nikizima na kuwasha. Karo ya muhula uliofuata sikulipa, na chuo kikaisha hivyo, bila barua wala kwaheri. Binti yangu alizaliwa Bungoma mimi nikiwa ghorofa ya nne na karai begani.

Mama mtoto hakungoja nipate akili. Alimsajili mtoto akiwa na miezi miwili, yeye na mamake, ndani ya ile miezi 6 ambayo sheria inataka. Mahali pa jina la baba pakabaki vistari.

Nilirudi mtoto akiwa na miezi minane. Mamangu ndiye aliyenifuata Eldoret kwa matatu ya asubuhi, na hakuzungumza nami hadi tulipofika Kitale. Wazee wakakaa. Upande wetu walikuja wajomba wawili na mamangu. Upande wao walikuwepo babake, mamake na shangazi mmoja ambaye hadi leo namwogopa. Nikaomba msamaha. Tukatozwa faini, tukailipa kwa awamu. Kuku akachinjwa. Kukhu, yaani nyanyake mtoto, akamshika binti, akamgeuza upande wa dirisha na kusema, "Haya masikio si ya kwetu. Chukueni yenu." Watu wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo, Chwele na Matisi kote naitwa Baba Toto.

Kwa akili yangu, kesi ilikuwa imefungwa. Nani tena abaki wa kuulizwa?

Cheti. Mwaka jana tulipotaka kumwandikisha binti chekechea na kumweka chini ya bima yangu ya SHA, karani aliangalia cheti, akaniangalia mimi, akauliza baba wa mtoto yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akakigeuza cheti upande wangu na kuweka kidole juu ya vile vistari. Hakunitusi. Alisema tu, "Hapa hujaandikwa, kijana."

Hiyo ingekuwa aibu ya siku moja kama si simu niliyopigiwa wiki hiyo hiyo. Mama mtoto alikuwa amepata kazi Riyadh. Mkataba wa miaka miwili, ndege baada ya wiki tatu. Mtoto angebaki Matisi na mimi na mamangu. Yaani mzazi pekee aliyeandikwa anapanda ndege, na anayebaki na mtoto, mbele ya serikali, ni jirani mwema tu.

Ukoo una rejista yake, serikali ina yake

Sisi wa huku tuna mazoea ya kudhani mila ikishamaliza, mambo yamekwisha. Na kusema kweli mila haina mchezo. Kwa Wabukusu, mtoto ni wa ukoo wa babake. Mvulana akifika wakati wa tohara, mwezi wa Agosti wa miaka kama 2022 na 2024, anasimama kwenye boma la babake asubuhi na mapema, amepakwa matope, umati umemzunguka. Hakuna anayeuliza huyu ni wa nani. Huo ni usajili kamili, tena wenye mashahidi wengi kuliko harusi.

Shida ni kwamba huwezi kuupiga fotokopi. Mwalimu anayeingiza jina la mtoto kwenye mfumo wa wizara ya elimu anataka cheti cha kuzaliwa. Ukimtafutia mtoto pasipoti, wanataka cheti. Akifika miaka 18 akienda kuomba kitambulisho, anaulizwa vitambulisho vya wazazi. Hapo kote hakuna dirisha la kukhu kuja kutoa ushahidi wa masikio.

Halafu kuna kifo. Rafiki yangu mmoja wa boda alifia barabara ya Kapenguria. Alikuwa na mvulana wa miaka mitano hapa mjini, na kila jioni kabla ya kuegesha pikipiki alimpitishia maziwa. Steji nzima ilijua. Siku ya mazishi, wasifu wa marehemu ukasomwa, na hakutajwa mtoto hata mmoja. Mama ya mvulana alikuwa nyuma ya hema, mtoto mgongoni. Hakusema kitu. Ungekuwa wewe ungesema nini, mbele ya jeneza, kwa watu wasiokujua?

Tuelewane hapa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haijamtupa mvulana huyo. Inamhesabu kama mtoto wa marehemu yeyote yule ambaye mwanamume alimkubali waziwazi kuwa wake, au ambaye alijitwika ulezi wake wa kudumu kwa hiari, ndoa iwepo isiwepo. Kwa hivyo haki anayo. Lakini haki hiyo inaanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, na chifu anauliza familia, na familia ndiyo ile iliyoandika wasifu. Kuanzia hapo mama anatafuta mashahidi, picha na jumbe za M-Pesa. Shahidi ambaye angemaliza ubishi kwa neno moja yuko kaburini.

Hilo ndilo nataka ubaki nalo kichwani. Makubaliano yana umri. Leo mko pamoja, mnacheka na kula kuku. Kesho mmoja anasafiri, mmoja anakasirika, mmoja anapata mpenzi mpya ambaye hataki kusikia habari za mtoto wa zamani, mmoja anakufa. Kinachohitaji sahihi mbili leo kinaweza kuhitaji wakili, korti na kipimo cha DNA mwaka ujao.

Sheria imetembea kutoka mbali

Usidhani serikali ya Kenya imekuwa ikipenda akina baba waandikwe. Mnamo 1959, wakati wa ukoloni, ilipitishwa sheria iliyomruhusu mama asiyeolewa kumpeleka baba wa mtoto kortini ili alipe matunzo. Miaka 10 baadaye, 1969, bunge la Kenya huru likaifuta. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini, aliingia bungeni baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Kwa hivyo unaweza kukisia ni kina nani walioketi kwenye viti vile.

Sheria ya Watoto ya 2001 nayo haikumpa moja kwa moja majukumu ya mzazi baba ambaye hakuwa amemwoa mama. Mzigo wote ulianzia kwa mama. Kisha Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, ikaandika bila kuzungusha: kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au la.

Lakini ofisi ya vyeti ilikuwa bado na kifungu chake cha zamani. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, kinasema jina la baba haliingizwi kwenye rejista ila kwa njia mbili: baba na mama waombe pamoja, au kuwe na ushahidi kwamba walioana kisheria au kimila. Mtoto wa nje ya ndoa ambaye babake hakujitokeza alibaki na alama za X pale pa baba. Mei 2016, katika kesi iliyopelekwa na mama mmoja anayelea mtoto peke yake, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinawabagua watoto waliozaliwa nje ya ndoa na kinakiuka Katiba.

Na 2022 ikaja Sheria mpya ya Watoto. Inasema wazazi wana majukumu sawa juu ya mtoto, na hakuna mwenye haki ya kumzidi mwenzake, mtoto awe wa ndani au wa nje ya ndoa.

Kwa hivyo siku hizi sheria iko upande wa mtoto. Na kwa nyinyi mliokubaliana, ile njia ya kwanza, ya kuomba pamoja, ndiyo nyepesi kuliko zote. Haitaki wakili.

Njia yenyewe, hatua kwa hatua

*Kama mtoto hajazaliwa:* basi una bahati kuliko mimi. Mtoto akizaliwa hospitalini, wahudumu hujaza fomu ya taarifa ya kuzaliwa, na mama hutoka na kipande chake. Kuwa pale, na kitambulisho chako mfukoni. Useme pamoja na mama kwamba wewe ndiwe baba, kisha hakikisha majina yameandikwa kama yalivyo kwenye kitambulisho. Herufi moja ikikosewa hapo, utaizungukia ofisi miezi. Mtoto akizaliwa nyumbani, mtu wa kumwona ni naibu wa chifu wa eneo hilo. Na msikalie taarifa hiyo: miezi 6 ikipita, inakuwa usajili wa kuchelewa, wenye karatasi zaidi na ada zaidi.

*Kama mtoto ameshasajiliwa bila baba:* hapa ndipo wengi wetu tupo. Kwanza jua cheti kilitoka wapi. Mtoto husajiliwa mahali alipozaliwa, si mahali mnapoishi. Binti yangu analala Matisi, ila rejista yake iko Bungoma, na huko ndiko tulikotakiwa kwenda. Hesabu nauli kabla ya kuhesabu kitu kingine.

Pili, nendeni wote wawili. Sheria inasema ombi la pamoja, na karani anataka kuona pamoja hiyo kwa macho. Bebeni vitambulisho vyenu halisi na nakala zake, cheti halisi cha mtoto, na kile kipande cha hospitali au kadi ya kliniki kama bado mnayo.

Tatu, tengenezeni hati ya kiapo. Ni karatasi moja au mbili: majina yenu na nambari za vitambulisho, jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa, kwamba nyinyi ndio wazazi wake wa kumzaa, na kwamba mnaomba kwa hiari yenu jina la baba liingizwe. Mnaitia sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Ndiyo, mara nyingi kamishna wa viapo ni wakili, lakini hapo humpi kesi. Anakuapisha, anapiga muhuri, unalipa ada ya muhuri na kwenda zako. Kama kuna anayekuambia lazima ulipe maelfu ili "afungue faili", shukuru na utoke.

Nne, malipo ya serikali yanapitia eCitizen, nambari ya malipo 222222. Hayapitii mkononi mwa kijana aliyesimama langoni na bahasha ya kaki. Madalali wa vyeti wapo kila mji, na wanajua sura ya mtu mwenye haraka. Huduma Centre zipo Kitale na zipo Bungoma. Anzia hapo kwenye dawati la maswali, uulize ada ya sasa na kama kuna karatasi ya ziada wanayotaka. Kuuliza ni bure.

Tano, kama mnataka pia kubadilisha jina la mtoto, kwa mfano abebe jina la ukoo wako, semeni mapema. Hilo ni ombi tofauti na la kumwandika baba, na sheria inaweka miaka 2 tangu usajili kulifanya kwa njia rahisi. Sisi hatukuligusa. Binti ana jina la marehemu nyanyangu, ambalo mama mtoto alimpa hata kabla sijarudi. Nilipojua hilo nilitoka nje kidogo.

*Msiishie kwenye cheti.* Cheti kinasema wewe ni baba. Hakisemi nani analipa karo, mtoto analala wapi, wala likizo anaenda kwa nani. Kwa hayo kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye huduma yake hulipii. Mnaketi mbele yake, mnasema mlivyokubaliana, na inaandikwa makubaliano ya malezi ambayo kila mmoja anatia sahihi na kubeba nakala. Mkitaka yawe na meno zaidi, yanaweza kupelekwa kortini yakubaliwe kuwa amri. Usiogope neno korti. Kwenda kuomba amri ya kitu mlichokubaliana si kwenda kushtakiana.

Hofu mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake

Nimeongea na wasee kadhaa hapa mtaani kabla ya kuandika hii. Wanaume wanaogopa hivi: "Nikiandikwa, siku akinikasirikia ananipeleka kwa matunzo."

Ndugu yangu, anaweza kukupeleka hata usipoandikwa. Wajibu wako haukutoka kwenye cheti, ulitoka kwa mtoto. Korti inaweza kuagiza DNA, na maji hayo yatakukuta umejificha kama yalivyonikuta mimi. Kinachobadilika ukijiandikisha ni upande wa pili wa sarafu: sasa na wewe una sauti. Unaweza kuuliza mtoto anasoma wapi, na ukajibiwa kama baba, si kama mpita njia.

Wanawake nao wanaogopa hivi: "Nikimwandika, siku moja atakuja kunipokonya mtoto."

Dada, hofu hiyo naielewa, na sina haki ya kuicheka, mimi niliyekimbilia Eldoret. Lakini kumwandika baba hakukuondoi wewe. Majukumu ni sawa, na mkigombana kuhusu mtoto akae kwa nani, kinachoangaliwa kwanza ni maslahi ya mtoto, kwa mujibu wa Katiba yenyewe. Pia kumwandika si kuolewa naye. Cheti cha mtoto hakiwafanyi mume na mke, na hakimpi ruhusa ya kuja kugonga mlango usiku.

Usitumie njia hii kama...

Kuna watu ambao njia hii si yao, na lazima niwaambie.

Kama wewe si baba wa kumzaa, hata kama unampenda mtoto kuliko huyo aliyemzaa, usiende kuapa kwamba ni wako. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na cheti cha uongo kitakuja kumsumbua mtoto siku ambayo haupo kumweleza. Njia yako ni kuasili, nayo hupitia kortini.

Kama mama ameolewa na mtu mwingine kisheria, si jambo la sahihi mbili tena. Sheria ya Ushahidi humchukulia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au ndani ya siku 280 baada ya ndoa kuvunjika, kuwa wa mume yule. Hapo tafuta ushauri kabla ya kuapa kitu.

Na kama mama analazimishwa, au anamwogopa mwanamume anayetaka kuandikwa, hayo si makubaliano. Simu ya watoto, 116, haitozi pesa. Na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwekwa kwa ajili ya wasioweza kulipa wakili.

Tulivyoenda sisi

Tulikuwa na wiki tatu, na ya kwanza tuliipoteza kwa kubishana nani aombe ruhusa kazini. Wiki ya pili, Jumanne, tukapanda matatu alfajiri, Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, mtoto amelala mapajani pangu na mama mtoto anahesabu karatasi kwenye bahasha. Tulipofika dirishani Bungoma nikagundua nimebeba nakala ya kitambulisho, kitambulisho chenyewe nimekiacha kwenye suruali ya kazi, Matisi. Karani akasema turudi nacho. Hakukuwa na wa kulaumu ila suruali yangu na mimi.

Mama mtoto hakunipigia kelele. Hilo ndilo liliniuma. Alikaa kwenye benchi, akamfunga binti kamba za viatu, akasema polepole, "Zimebaki siku kumi na moja, Baba Toto."

Alhamisi tukarudi. Tulikuwa tumeshaapa Kitale siku iliyotangulia, kwa hivyo hati ilikuwa tayari. Tukaitwa pamoja. Karani akauliza kila mmoja wetu swali lile lile: unakubali kwa hiari yako? Mama mtoto akasema ndiyo. Mimi nikasema ndiyo, na sauti ikanitoka kubwa kuliko nilivyopanga, hadi mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Amina." Tukarudisha cheti cha zamani, tukalipa kwa simu, tukaambiwa tungoje.

Ijumaa tukaenda kwa afisa wa watoto Kitale. Huyo mama alituuliza maswali ambayo sebule nzima ya wazee haikuwahi kutuuliza. Mtoto akiugua usiku nani anampeleka hospitali? Mama atapiga simu siku zipi? Pesa zitakazotoka Riyadh ni za nini hasa, na zako ni za nini? Ukipata mwanamke mwingine, mtoto analala wapi? Tulijibu yote. Mengine ilikuwa mara ya kwanza kusikia majibu ya mwenzangu. Tukaandika, tukatia sahihi. Likizo zote mtoto anaenda Chwele kwa kukhu. Hilo alilisema mama mtoto, na nililikubali kabla hajamaliza sentensi.

Aliondoka Jumapili ya wiki iliyofuata. Cheti kipya hakikuwa kimetoka bado. Kilipotoka, nilikipiga picha nikiwa bado nje ya ofisi, juani, nikamtumia WhatsApp. Jina langu lilikuwa pale pa vistari, majina yote matatu, bila kosa hata la herufi.

Alijibu usiku, akimaliza kazi, kwa ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Nimeona. Sasa hata ukitoroka, umeandikwa."

Alicheka kidogo mwishoni. Nimeusikiza mara nyingi.

Wewe je? Kama mko sawa na mama mtoto, mpigie leo jioni, usingoje kikao kingine cha wazee. Mwulize cheti kiko wapi. Ofisi zinafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na kitambulisho kiweke kwenye suruali utakayovaa.